Shati la Baba Jukwaani

Fundi Mkasi, binti wa Fundi Uzi aliyewashonea sare watoto wa mtaa mzima na wazazi wao kabla yao, mjukuu wa mwanamke aliyemrudishia meneja wa kiwanda kitambaa chake kwa sababu aliingia dukani bila salamu: huyo ndiye aliyeanzisha michezo ya kuigiza ya watoto katika ghala kuukuu la magunia.

Sheria yake ilikuwa moja. Mchezo ni wa watoto. Wao watunge, wao wagawane sehemu, wao wagombane mpaka wapatane. Mtu mzima asitie neno. Yeye alikaa nyuma ya pazia na cherehani yake, akishona mavazi kutokana na nguo zilizochakaa walizoleta kutoka nyumbani. Mazoezi hakuyatazama.

"Fundi, siku moja watakuigiza unavyokoroma," wazazi walimtania.

"Waniigize. Mradi wanikoromeshe vizuri."

Binti wa dereva wa lori walimwita Kinanda, maana mdomo wake haukupumzika. Huyo alimletea shati la mistari.

"Baba halitaki tena?"

"Halitaki, Bibi."

Fundi akalipunguza mikono, akabana mabega, likamkaa mtoto sawasawa. Hakwenda kuuliza nyumbani.

Siku ya maonyesho ghala lilijaa. Kinanda alipotokea na lile shati, kifua mbele, akitembea kama mwenye barabara, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Si dereva huyo?" Dereva mwenyewe alicheka. Kisha mtoto akavua mkanda. Akamgeukia mjukuu wa Fundi, aliyeigiza mama, akasema polepole, "Nilikwambia chai iwe ya moto." Kicheko kikakatika. Mkanda ulipiga sakafu, ukapiga tena, na mjukuu akajikunja pembeni kama alivyofundishwa na mwenzake.

Fundi alisimama nyuma ya pazia, sindano mkononi. Hakutia neno.

Dereva aliinuka. Sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa. "Shikamoo, Fundi. Ahsante kwa kunishonea." Akamshika mtoto mkono, wakatoka. Mkewe akawafuata akitazama chini. Watu waliwapisha njia.

Baada ya siku chache yule mke alikuja dukani, mtandio ameushusha mpaka kwenye jicho.

"Mama, aibu yangu nilikuwa nayo ndani. Sasa hata nikienda kununua nyanya napewa pole."

"Mwanangu, mtoto alikuwa anasema."

"Alisema, na nyote mlisikia. Usiku ule nani alikuja kugonga mlango?"

Fundi aliinamia cherehani yake. Naye alikuwa amesikia kelele usiku ule, akajifunika shuka.

Tangu hapo kila mzazi akaanza kuchunga mashati yake. Huyu mwanawe ana masomo, yule ana kikohozi, mwingine hakuona haja ya kisingizio. Mwenye ghala akabadilisha kufuli. Fundi akaendelea kushona sare, kwa kuwa watu hawaachi kuvaa, lakini wateja walichukua nguo zao wakiwa wamesimama mlangoni. Wa kukaa kwenye benchi na kupiga soga hakuwapo tena.

Kinanda alirudi shuleni. Mwalimu akiita jina lake, ananyoosha mkono tu.

Fundi alimwita mjukuu wake, akamkalisha kwenye lile benchi.

"Unakaa naye dawati moja bado?"

"Kila mtu amehama, Bibi. Na mimi mwalimu alinihamisha."

"Kesho mwombe akurudishe. Ukae naye. Usimuulize kitu, wala usimchekeshe."

"Na akisema?"

"Ukimbie uje uniite, hata kama nimelala. Nitakwenda kugonga."

"Na asiposema, Bibi?"

Fundi aliivuta sare iliyokuwa chini ya sindano ya cherehani, akaikata uzi.

"Ukae hivyo hivyo," alisema.