Bana Chomba na Uwanja wa Milundu

Kasonde aliingia bila hodi ofisini kwa Bana Chomba, mama aliyekuwa akitupangia waamuzi mechi zetu, akavua kofia, akasimama tu katikati ya chumba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri kibendera kipya, maana changu kilikuwa kimepauka hadi wachezaji wananicheka.

"Mama, niondoe Milundu," akasema. "Nipeleke kokote. Nipeleke hata mechi za watoto wa shule. Jumamosi hii Milundu siendi."

Bana Chomba akamtazama juu ya miwani. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umefiwa?"

"Sijafiwa. Naogopa."

Nikainamisha uso. Waamuzi wa Copperbelt, huku kwenye migodi ya shaba ya Zambia, hatulitamki neno hilo. Tunasema goti linauma, tunasema mke amejifungua, tunasema lolote. Na Kasonde hakuwa mtu wa kuogopa. Alikuwa jitu la watu, fundi wa kuchomelea vyuma, na akitoa kadi hata mchezaji mkorofi alirudi nyuma hatua mbili. Lakini mechi yenyewe ilikuwa ya kushuka daraja. Milundu wangefungwa na Kalilo, wangetoka ligi ya mkoa, na Milundu ni mahali ambapo tangu mgodi ufungwe watu hawakubakiwa na kitu kingine cha kujivunia.

"Kasonde," mama akasema taratibu, "wewe ndiye mwamuzi wangu bora. Nikimpeleka mwingine, Kalilo watasema nimehongwa. Nikimpeleka kijana, atakufa kwa presha. Sasa nifanyeje?"

"Mama, usinione nakuvunjia heshima. Umewahi kusimama katikati ya uwanja, watu wanakuimbia nyimbo za msiba wako na wewe unasikia?"

"Sijawahi. Unajua fika kwamba sijawahi."

"Basi hata nikikueleza, hutanielewa."

Bana Chomba alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na alipokasirika sauti ilizidi kuwa ndogo. "Haya. Jumamosi tutakwenda wote," akasema. "Nitakaa na kamisaa wa mchezo. Nikione hicho unachokiogopa."

Kasonde akavaa kofia yake. "Njoo na viatu vya kukimbilia," akasema, akatoka.

Bana Chomba hakuwa mtu wa mpira. Maisha yake yote ya kazi alikuwa hospitali ya mgodi, Luanshya, akipanga zamu za wauguzi: nani usiku, nani mchana, nani asiwekwe na nani. Walipopunguza wafanyakazi akarudi nyumbani kufuga kuku. Viongozi wa ligi walimfuata hukohuko bandani, kwa sababu kazi ya kupanga waamuzi ilikuwa imeoza. Aliyeishika kabla yake, Ba Chipasha, alikuwa amechezesha mechi kubwa Afrika nzima, jina lake linajulikana hadi Kairo. Lakini chini yake ilitokea uwanja mmoja wakafika waamuzi wa mechi mbili, na uwanja mwingine mwalimu akatolewa kwenye watazamaji, akakabidhiwa kipyenga. Mama alilinyoosha jambo hilo msimu mmoja tu.

Hata hivyo maneno hayakuisha. Tulikuwa tukimtania tukienda kuchukua barua za safari. "Bana Chomba, mchezaji akiotea huku amebeba mtoto mgongoni, anapewa kadi gani?"

"Anapewa uji," anajibu, tunacheka wote.

Ba Chipasha yeye hakucheka. Baa zote za mjini alisema lilelile: "Anayepanga waamuzi lazima awe ameshapigwa jiwe. Huyu mama anawapeleka watu uwanjani kama anavyopeleka manesi wodini."

Jumamosi ikafika. Nakumbuka tulipoingia Milundu watoto hawakutukimbilia. Kwa kawaida gari la waamuzi likiingia mahali, watoto wanalikimbiza wakipiga kelele. Siku hiyo watu walikuwa wamejipanga kandokando ya barabara, kimya, wanatutazama tukipita kama wanaotazama jeneza. Kasonde akaniangalia. Mama naye aliona, akauliza, "Mbona wamenyamaza hivi?"

Uwanja wa Milundu hauna ukuta. Una kamba, na nyuma ya kamba kuna watu, unasikia pumzi zao shingoni. Polisi walikuwa wawili, mmoja ana rungu, mwenzake anakula mahindi. Chumba chetu cha kubadilishia nguo kilikuwa nyumba ya zamani ya pampu ya mgodi upande wa pili wa goli, mlango wa chuma, dirisha hakuna. Mama alikishika kile chuma, akakisukuma kuona kama kinafungika. Nilimwona anakisukuma tena na tena.

Mimi nilipewa upande wa watu wengi. Kipindi cha kwanza walitukana tu, na matusi tumeyazoea. Kipindi cha pili mtu mmoja akaanza kuongea nyuma yangu kwa sauti ya chini, ya upole kabisa.

"Ba Kabaso. Mkeo bado anauza vitumbua pale karibu na kituo cha basi?"

Sikugeuka.

"Vitamu vile. Nilinunua juzi. Mwambie asikae peke yake."

Tangu hapo nilikimbia na mstari lakini sikuona mpira, nilikuwa naiona meza ya mke wangu. Nikatazama kwenye viti vya kamisaa, nikamwona Bana Chomba amekaa kwenye ncha ya kiti, mikono ameibana katikati ya magoti.

Mechi ilikuwa inaelekea kuisha bila bao, na sare ingewatosha Milundu, pale beki wao alipomvuta jezi mshambuliaji wa Kalilo ndani ya boksi. Alimvuta hadi jezi ikachanika. Uwanja mzima uliona. Kasonde akasimama na kipyenga mdomoni, na kwa kitambo kifupi nilidhani hatapuliza. Mungu anisamehe, niliomba asipulize. Akapuliza. Akaonyesha penalti.

Hawakusubiri hata ipigwe. Kamba ikaanguka yote kwa pamoja. Nikatupa kibendera, nikakimbia, na mbele yangu nikamwona Bana Chomba, mama mzima mwenye cheo chake, amekunja chitenge hadi magotini anakimbia kuelekea nyumba ya pampu. Kasonde aliingia wa mwisho. Tulipofunga komeo, upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umelowa damu, na alikuwa anauliza, "Nani anapiga kengele? Nani anapiga kengele?" Hapakuwa na kengele.

Tulikuwa watano mle ndani: Kasonde, sisi washika vibendera wawili, mwamuzi wa akiba, na mama. Kamisaa alikuwa ameshawasha gari lake. Mawe yalianza kwenye mabati, yakaja mlangoni. Kila jiwe likigonga kile chuma, kifua kinagonga nalo. Mwenzangu wa upande wa pili akajikojolea, na hakuna aliyemcheka. Mama alikuwa amepiga magoti, amekandamiza kitambaa chake kichwani kwa Kasonde, na damu ilimpita katikati ya vidole.

Kisha mawe yakanyamaza. Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko mawe. Halafu tukasikia harufu. Ilipita chini ya mlango, pole pole.

"Petroli," akasema mwamuzi wa akiba. "Jamani, hiyo ni petroli."

Mama akatoa simu. Alijaribu polisi, haipokelewi. Alijaribu mwenyekiti wa ligi, imezimwa. Akampigia Ba Chipasha. Sijui kwa nini yeye, nadhani hakujua mwingine aliyewahi kufika mle. Aliweka sauti wazi tusikie wote.

"Ba Chipasha, tumefungiwa Milundu. Tuko chumba cha pampu."

Yule mzee hakuuliza lolote. Sauti yake ilitulia kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. "Msifungue. Akija mtu akisema ni polisi, muulize jina la mkuu wa kituo cha Milundu. Anaitwa Ngosa. Asipolijua, si polisi. Kaeni ukuta wa nyuma, lowesheni matambara, zibeni chini ya mlango. Bomba la pembeni bado linatoa maji kidogo. Mimi nampigia Ngosa mwenyewe."

Tukafanya hivyo. Bomba lilitoa maji yenye kutu. Tukavua jezi, tukazilowesha, tukaziba.

"Umejuaje habari ya bomba?" mama akamuuliza.

"Hata mimi walinifungia humo. Mara mbili." Akacheka kidogo. "Usiogope, mama. Huwa wanachoka."

"Mara mbili," akasema mama. "Na ukaendelea kuwapeleka watu humu?"

"Tulipita wote hapo. Mwamuzi anakomazwa hivyo."

Mama akakata simu. Nilikuwa karibu naye, niliuona uso wake, na sijapata kumwona mtu ameogopa na kukasirika kwa wakati mmoja namna ile.

Mlango ukagongwa, safari hii kwa adabu. "Fungueni, polisi hapa. Mko salama sasa."

Mwenzangu aliruka kuelekea kwenye komeo. Mama akamdaka mkono. "Mkuu wenu wa kituo anaitwa nani?" akauliza, na sauti yake ndogo haikutoka vizuri, ikabidi arudie.

Mtu akanong'ona, mwingine akacheka. "Fungua, mama, tunakuja kumsalimia refa tu."

Hakufungua. Walipiga teke mlango hadi bawaba ya juu ikalegea na mwanga ukaingia. Mwamuzi wa akiba alikuwa anasali kwa sauti. Mimi nilikuwa nafikiria vitumbua. Ndipo tukasikia mabomu ya machozi, makelele ya watu wakitawanyika, na sauti nzito ikiita nje, "Ni Ngosa hapa! Chipasha kanipigia!" Walitutoa chini ya turubai la lori, tumelaliana kama magunia ya mkaa.

Kasonde hakusikia tena kwa sikio la kushoto, na hakurudi uwanjani. Mama alikwenda kumwona hospitali kila jioni. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa wodi, akashindwa kuingia, ikabidi mimi nimshike mkono. Kasonde alimwambia, "Sasa umekiona, mama." Akajibu, "Nimekiona, mwanangu. Nisamehe."

Wiki iliyofuata mama akatangaza kwamba hapeleki mwamuzi Milundu, wala uwanja wowote usio na ukuta na njia ya kutokea. Viwanja vingi vilikuwa hivyo. Ligi ikasimama, na suala la nani ashuke daraja likasimama nalo. Mtu akamtumia ujumbe kwamba kuku wake wanaungua vizuri. Akaanza kulala kwa dada yake. Viongozi wa timu wakaitisha kikao, wakamkalisha mbele kama mshitakiwa.

"Tatizo ni hili," akasema mwenyekiti wa Milundu. "Tumempa kazi mtu ambaye hajapuliza kipyenga hata siku moja. Kaona vurugu mara moja tu, kaogopa, anataka kutuulia mpira. Mwamuzi wa kweli angejua haya ni ya kawaida."

Wakamwita Ba Chipasha aseme. Akasimama na koti lake lenye nembo. "Mimi ningewapeleka," akasema. "Sisemi uongo. Ningewapeleka Jumamosi inayofuata."

Tulikuwa tumekaa nyuma, waamuzi wote wa mkoa. Kasonde alikuwapo na bandeji yake. Alikuwa amegeuza sikio zima upande wa mbele. Akainuka. "Ndiyo maana hatukutaki wewe, mzee," akasema. "Tunakushukuru kwa lile jina la Ngosa. Bila wewe tungeungua. Lakini hatukutaki." Kisha akatoka nje, na sisi tukamfuata, na hakuna aliyekuwa amepanga hivyo.

Hawakuwa na la kufanya. Mama alibaki. Ba Chipasha naye, baada ya kununa muda mrefu, akakubali kuzunguka naye viwanjani, na tulisikia wanagombana garini kutoka Luanshya hadi Mufulira. "Hapa panatosha!" "Hapatoshi!" "Wewe unajua nini?" "Najua napaogopa!" Milundu walijenga ukuta msimu uliofuata, kwa matofali ya majengo ya mgodi yaliyobomolewa. Ilipofika mechi ya kwanza, mama alinipanga mimi, kwa kipyenga safari hii.

"Ukikataa sitakuuliza sababu," akaniambia.

Nilitaka kukataa. Nikaenda. Mechi ilikuwa butu, bao moja, watu walitukana kidogo wakaenda zao. Kumbe mama alishinda siku ile nzima hajaweka hata tonge la nshima mdomoni, na dada yake alimkuta amekaa jikoni amebana mikono katikati ya magoti.

Aliifanya kazi ile misimu michache, kisha presha ikamshinda. Daktari alimwambia achague mpira au moyo. Sasa anayepanga ni mtu aliyekuwa mwamuzi, mtu mwema, hajabadilisha kanuni za mama, na nasikia Ijumaa, kesho yake kuna mechi, analala usingizi mzito. Waamuzi vijana wanasema afadhali huyu, anaijua kazi. Mimi sijui niseme nini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Chingola. Nimemaliza mechi, sijafungua hata kamba za viatu, simu ikalia.

"Umetoka?" Bana Chomba akauliza.

"Nimetoka, mama."

"Wote?"

"Wote."

Nikamsikia anashusha pumzi, halafu akakata.