Uzi Mwekundu wa Mama Presha

Pale hospitali walimwita Mama Presha, na presha yenyewe hana; damu yake ilitulia kuliko ya madaktari wote. Jina lilitokana na mtambo. Akina mama wenye maziwa mengi walikamua wakayachangia watoto njiti, naye akazitumbukiza chupa zikiwa zimefungwa kwenye pipa la chuma lenye maji. Pipa likishafungwa, maji yalizibana chupa kwa nguvu ya kutisha mpaka bakteria wakafa, bila moto hata kidogo. Moto ungeua na kinga ya mtoto iliyomo kwenye maziwa.

Balaa lake ni moja. Maziwa yaliyochemshwa utayajua kwa utando na harufu. Yaliyobanwa hutoka vilevile yalivyoingia, meupe, baridi, hayasemi kitu. Ndiyo maana Mama Presha alifunga uzi mwekundu shingoni mwa kila chupa iliyotoka. Wenzake walimtania, "Unazivisha chupa shanga?" Akacheka nao, akaendelea kufunga.

Asubuhi ile, chupa ndiyo kwanza zimetoka, mwanawe akapiga simu. "Mama, umepata mjukuu! Wa kike, ila kawahi mno." Furaha na hofu vikampanda kwa pamoja. Akaziacha chupa mezani, nyuzi ziko mfukoni, akakimbilia wodini. Msafishaji, mtu mwema jamani, akaona maziwa yataharibika, akayapanga kwenye friji pamoja na yale mabichi yaliyosubiri kubanwa.

Mama Presha aliporudi alikuta rafu imejaa chupa zinazofanana kama mapacha. Si neno, akajiambia, nitazibana zote upya. Akawasha mtambo. Mpira wa mfuniko ukapasuka, maji yakaruka hadi darini. Mpira mwingine ungeagizwa ng'ambo, na mtambo wa pili haukuwepo karibu.

Jioni mwanawe akasimama mlangoni. Mkewe bado hakuwa na fahamu tangu ajifungue. Maziwa ya kopo mtoto aliyatapika, na tumbo lilianza kuvimba.

"Mama, yamo humo. Si umesema nusu ni salama?"

"Nusu ipi, mwanangu?"

"Basi yachemshe!"

"Daktari amekataa. Tumbo lake linataka ile kinga, na moto unaiua."

"Lakini hii ni kazi yako miaka yote. Angalia tu, utajua!"

Akaangalia. Akainua hii, akainua ile, akanusa, akaonja. Yote matamu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huu ulikuwa wa mwana na mjukuu kwa mpigo, nao ulimkata maini.

"Siwezi," akasema. "Si kwamba sitaki, baba. Siwezi."

Kijana akageuka, akaondoka bila kuaga.

Sheria ya chumba kile ilikuwa fupi: ukitia shaka, mwaga. Mama Presha akafungua chupa ya kwanza juu ya sinki. Kisha ya pili. Wodini, nyuma ya ukuta, mjukuu alilia kwa njaa kwa kisauti chembamba, na bibi yake akaendelea kumwaga.