Shawa Niliyomfungia Mama

Nyumba yetu ya Voi ni ya zamani, na nyaya zake ni za zamani vilevile. Mama aliposhuka kutoka kijijini Wusi, milimani, akiumwa magoti, niliamua kumfungia mwenyewe shawa ya umeme, apate maji ya moto, ingawa sikuwahi kufunga hata soketi. Nilitazama video kwenye simu, nikatoboa ukuta, nikaunganisha nyaya.

Nilikuwa bado nakusanya vifaa sebuleni niliposikia maji yakimwagika. Mama alikuwa ameshaingia bafuni.

"Mama, usiguse kitu!"

"Maji ni matamu, mwanangu," akajibu. "Ila huu mfereji unaniwasha vidole."

Nilikimbilia swichi kuu jikoni, nikaizima. Friji ikanyamaza, lakini maji yaliendelea kumwagika. Nikamwita Mama, hakujibu. Nikasimama mbele ya mlango wa bafu nikiogopa kuusukuma.

"Mbona maji yamekuwa baridi," akauliza, "na bado nina sabuni?"

Nilikaa sakafuni nikalia.

Fundi aliyekuja kesho yake alikuta nyumba nzima haina waya wa kupeleka umeme ardhini. Aliuweka, akafunga shawa upya. Mama huoga humo kila asubuhi. Mimi bado naoga kwa beseni.