Nilivyomfunza Profesa Kiingereza

Mie mtu wa ndani, sitoki ila kwa arusi. Juzi, kwenye arusi mtaani Shika Adabu, nilikaa kumenya vitunguu na mgeni mmoja mwenye dera lililopauka. Wanawake wote walikuwa wakimsifu Profesa Zuhura, aliyehama mtaani zamani, na sasa hata Wazungu humwita akawasomeshe Kiingereza chao. Nami nikajitia.

"Tulisoma darasa moja, dada. Kiingereza kikimshinda, mie ndiye nikimwelekeza."

"Wallahi?" akauliza mgeni.

"Wallahi! Bila mie angekuwa auza mbaazi."

Mama wa bibi arusi akaja mbio. "Profesa Zuhura! Wewe wa kumenya vitunguu? Ondoka hapo!"

Mgeni akafuta mikono, akaniinamia.

"Shikamoo, mwalimu."

Na mdomo wangu, bila haya, ukaitikia, "Marahaba."