Msomaji Mmoja wa Bulumbi

Bado nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Kwetu Bulumbi, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, Jumapili baada ya ibada, watu hukizunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mama anayepika pombe hiyo hutoa simu yake, maana ndiyo pekee pale inayofungua mtandao, na kioo chake kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Alikuwa anafungua blogu yangu na kuisoma kwa Kiswahili, jirani yake akiigeuza kwa Kisamia. Hakuna aliyevuta mrija hadi habari za mpakani ziishe. Nimehudhuria mikutano mingi ya waandishi, na sijawahi kusikilizwa namna ile.

Habari zenyewe zilikuwa za kawaida: mahindi yanapokelewa siku gani upande wa Kenya, yanatakiwa yakauke kiasi gani, mzani upi wa sokoni unaiba. Rafiki yangu anayeuza uji karibu na geti la Busia, upande wa pili, alikuwa macho yangu. Yeye aliona, mimi nikaandika.

Kabla ya hapo madalali walikuwa wanakuja na pikipiki na kutangaza kwamba mpaka umefungwa, ili wanawake wawaachie mahindi mlangoni kwa bei ya kutupa. Watu wakachoka kudanganywa. Ndiyo maana pale chunguni pakazuka swali moja kwa kila mwenye habari ya mpakani: "Imeandikwa wapi?" Kama haikusomwa kwenye simu, ilikuwa maneno ya dalali.

Blogu yangu ilikaa ndani ya jukwaa lililokusanya waandishi wa nchi kadhaa. Mwaka jana wenye jukwaa walituita kwenye hoteli mjini Tororo, mwamba mkubwa ukituchungulia dirishani. Bwana mmoja mwenye sauti laini alituonyesha ukutani jinsi dunia inavyoandika: Wakenya wamehamia kwenye video fupi, Wanigeria wanapenda mitindo na siasa, Watanzania mapishi na mpira. Akasema blogu hujenga jamii. Nilipiga makofi, kwa sababu nilikuwa nimekiona chungu kile.

Wakati wa chai alinivuta pembeni. Kurasa zenye wasomaji wachache zitafungwa, akasema, na wangu kutoka Bulumbi, kila Jumapili, ni mmoja. Nikamweleza habari za chungu na mirija. Akawageukia wenzake, kisha mimi.

"Kwa hiyo wasomaji wako ni walevi?"

Wakacheka, chapati mdomoni. Nikamwambia simu ni moja lakini masikio ni mengi. Akajibu, bila ubaya wowote, kwamba mfumo hauhesabu masikio. Upole wake ndio ulionichoma. Alikuwa anawafuta watu wangu wote huku akinisogezea sukari.

Ukurasa ulizimwa wiki ambayo Senge wangu, dada wa baba, alikuwa anajiandaa kuvusha mahindi. Mvua ilikuwa imemkuta na mavuno uani, na paa lake lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Mahindi hayo ndiyo yangeleta mabati. Rafiki yangu wa uji akanipigia kwamba getini wameanza kurudisha mahindi yenye unyevu, kwa kuogopa sumu ya kuvu. Nilijaribu kuingia kwenye blogu, nywila ikakataliwa. Nikampigia mama wa malwa, akampa Senge simu.

Senge alisimama chunguni akawaambia wenzake wasiende, waanike kwanza. Dalali mmoja alikuwa ameketi pale na mrija wake kama wengine. Alisema taratibu, "Mama, hata sisi tulikuwa tunasema hivyo hivyo."

Watu wakacheka. Kisha likaja lile swali la chunguni. Mama wa malwa akafungua simu: ukurasa mweupe, na Kiingereza kidogo kinachosema hakuna kitu hapa. Senge aliketi. Aliniambia baadaye kwamba alijiona kama mwongo, na asubuhi akafunga magunia yake kwenye baiskeli pamoja na wenzake.

Nilipowafuata getini, nilimkuta ofisa akichomoa kipima unyevu kwenye gunia la pili la Senge na kutikisa kichwa. Baiskeli zote ziligeuzwa. Na upande wetu, kivulini, yule dalali alikuwa ameshafika, anawasubiri waliorudishwa. Wengine walimwuzia huku wameinamisha macho. Senge alipita mbele yake kama anapita mbele ya jiwe.

Tuliomba uwanja wa kanisa, tukatandaza turubai, tukayageuza mahindi kwa miguu. Nilianza kutukana jukwaa, hoteli na yule bwana wa sauti laini. Senge akanikatiza.

"Mimi usiniambie. Andika."

Nikamwambia sina tena pa kuandikia. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayesema hana miguu. Basi nikafungua ukurasa mpya kwenye simu, wa bure, usio chini ya jukwaa la mtu. Akaniambia niandike geti, unyevu, na dalali alisimama wapi.

"Niweke na mimi," akasema. "Sema Senge wako amerudishwa. Wakinikuta humo ndani hawataniuliza imeandikwa wapi."

Mahindi yalikauka, akavuka, akanunua mabati, na hayo nikayaandika pia. Jumapili iliyofuata nilikuwepo chunguni. Mama wa malwa alifungua anwani mpya niliyomtumia, akasoma, jirani akageuza, na ilipofika sehemu ya kivulini kila mtu alimtazama dalali, ambaye aliacha mrija wake na kuondoka. Senge aliinua uso mara moja tu, mabati yake yalipotajwa.

Nilipofika chumbani kwangu nilifungua ukurasa nione umesomwa na wangapi.

Mmoja.