Nguzo Nyekundu za Editha

Jumanne, 14 Januari 2025. Jua kali, upepo wa mashariki, mvua sifuri. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili tangu tone la mwisho, na majani ya mahindi ya Mlali yalikuwa yamejisokota kama sigara.

Hayo Editha Chiwanga aliyaandika saa tatu asubuhi, kama alivyoandika kila siku kwa miaka kumi na tisa, tangu alipokabidhiwa kipimamvua, kopo la bati lenye chupa ya kioo ndani, akakisimika uwanjani kwake. Hakuwahi kuruka siku. Hata alipofiwa na mumewe aliinuka matangani saa tatu, akasoma chupa, akaandika, akarudi kulia.

Mwezi uliotangulia, vijana wa shirika moja la mjini Dodoma waliyapiga picha madaftari yake, wakatengeneza mchoro wa mtandaoni kuhusu mabadiliko ya tabianchi. "Mama, hata asiyejua kusoma ataelewa," walimwambia.

Na kweli, watu walielewa. Mchana ule wifi yake, Paulina, aliingia uwanjani na simu mkononi, nyuma yake Octavian, mwenyekiti wa kitongoji, na watu wapatao thelathini.

"Wifi, umekuwa maarufu! Ukitafuta mvua ya Mlali, unatokea wewe."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na nguzo kumi na tisa, moja kwa mvua ya kila mwaka: za kwanza ndefu za bluu, kisha fupi za njano, mwisho visiki vyekundu. Chini yake, Editha akitabasamu kando ya kipimamvua.

"Mwaka ulipokisimika kipimamvua, bluu," Octavian alisema, akipitisha kidole. "Ukakaa nacho, ukakaa nacho, nyekundu. Tueleze, mama."

"Mwenyekiti, mimi napima tu. Mvua ilianza kupungua kabla yangu."

"Hapa iko wapi hiyo kabla?"

Haikuwapo. Kabla yake hakuna aliyepima.

"Alianza na mume, sasa amehamia kwenye mvua!" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. Watu wakacheka. Paulina, aliyezaliwa tumbo moja na marehemu, alicheka pia.

Octavian akampa mchi. "Kivunje mwenyewe, tukuone. Ukikataa, tunachoma madaftari."

Editha alitazama mlango wa chumba alimoyaweka. Akapiga mara moja. Kioo kikalia ndani ya bati. Octavian akaliokota kopo na kulipindua mbele ya watu.

"Hata mate hakuna!"

Alfajiri mvua ikashuka, nzito, bila upepo. Saa tatu bado ilikuwa ikinyesha. Watu walipita na majembe wakiimba, na Paulina, kalowa chapachapa, alisimama kwenye ua.

"Umeona, wifi? Tungejua, tungekuja mapema."

Editha alichukua kalamu, akaandika tarehe, na mbele yake: Mvua kubwa. Haikupimwa.