Siku Menyu Yangu Ilipojaa Vifuniko

Jamani, aibu hii heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mama yangu, maana yeye huanza kucheka kabla hajafika katikati. Niliwatengenezea programu ya simu wakulima wa parachichi wa kikundi chetu cha Kisondela: mtu aone siku yake ya kuvuna, apange zamu ya gari, aripoti wadudu. Kila kazi ilikuwa na fanksheni yake, yaani kipande chake cha programu, chenye jina na mstari wa maelezo, na menyu ilivisoma hivyo yenyewe na kuvionyesha (hapo nilijivunia, acheni tu). Sasa siku ya mkutano wa kuamua kama wataitumia, nimekaa ukumbini Tukuyu nasubiri watu, nikapata wazo la kuongeza dekoreta, yaani fanksheni ya kuzifunika zile nyingine, ili mtu akibonyeza kitu tujue ni nani na saa ngapi. Mistari sita tu! Nikaiita "kifuniko", nikajaribu kazi moja, ikakubali. Menyu sikuifungua.

Ukumbi ukajaa, nikawasha projekta, menyu ikatokea ukutani, na Bibi Tumpe, katibu wetu, mwalimu mstaafu, akavaa miwani akasoma kwa sauti ya darasani:

"Kifuniko. Kifuniko. Kifuniko. Atupele mwanangu, umeanza kuuza masufuria?"

Watu walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Mama akajificha uso kwa kanga.

Nikafungua programu kwa ndani, na kosa nikaliona: kila fanksheni ilikuwa nzima kule ndani, ila nje lilionekana jina la kifuniko tu, maelezo yamepotea.

"Wazazi wangu, nimekosea," nikasema. "Nipeni dakika mbili, nirekebishe mkiona."

Nikaandika mstari mmoja, wakiuona hapohapo ukutani, wa kukiagiza kifuniko kichukue jina na maelezo ya fanksheni inayofunikwa. Nikawasha upya.

"Siku ya kuvuna," akasoma Bibi Tumpe, taratibu. "Zamu ya gari. Wadudu." Akavua miwani. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Nimefundisha miaka mingi, wanaosahihisha kosa lao mbele za watu ni wachache."

Ikapigwa kura ya kuitumia, na mikono ikanyooshwa ukumbi mzima, isipokuwa baba mmoja aliyekuwa amesinzia.

Siku hizi hata wakulima wa Lufingo wanaitumia, na mimi natembea kifua mbele. Ila nimeapa: siku ya mkutano siongezi hata nukta.